MAMBO YA NYUMBANI: Sabufa Sebuleni na Ukuta wa Jirani

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka Ajia, katika kaunti ya Vurra, wilaya ya Arua, nayo imeandikwa na mke wa askari. Mume wake amerejea kwa likizo kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa yakilinda amani tangu mwaka 2007, na katika akiba yake ametenga fungu la kununua sabufa, yaani lile kasha la spika linalotoa sauti nzito peke yake. Nyumbani tayari wana amplifaya na spika mbili za kuweka rafuni, ambazo zimewatumikia vema kwa miaka mingi. Mama huyo anauliza mambo matatu: kwanza, kama chombo hicho kina faida au ni ngurumo tu, pili, kichaguliwe kipi, kwa kuwa umeme wao ni wa jua, na tatu, watoto watalala vipi. Hataki, asema, kumnyima mumewe raha aliyoitolea jasho, lakini fedha ni zile zile ambazo karo inazingojea.

Ama kuhusu swali la kwanza, wenyeji wa West Nile hawana haja ya kufundishwa thamani ya sauti nzito. Katika baragumu za agwara kila moja ina sauti yake, na iliyo ndefu ndiyo iliyo nzito. Katika kwaya za makanisa, adungu hupangwa kwa ukubwa kama watoto wa nyumba moja, kuanzia ile ndogo ya kupakatwa hadi ile kubwa ambayo mpigaji wake hukaa nyuma yake kama mtu aliye nyuma ya mtumbwi. Mwondoe mpigaji huyo wa adungu kubwa, nyimbo zitaendelea, ila zitakuwa kama nyumba isiyo na msingi. Kazi ya sabufa ni kazi ya mpigaji huyo. Nayo, kama yeye, haikuletwa ili isikike peke yake.

Sikio la binadamu lililo zima husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kila mtikisiko mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja. Uzi mzito wa gitaa la besi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo yenye koni ya inchi nne au tano huanza kuishiwa nguvu kati ya hezi 100 na 80, na chini ya hapo hupwaya kabisa. Kwa hiyo mtu anayesikiliza muziki wa Kongo kwa spika za rafuni, tuseme nyimbo za Franco na TPOK Jazz, kwa kweli hasikii chimbuko la noti nyingi za besi. Husikia matawi yake ya juu, na ubongo humkamilishia sehemu iliyopungua. Ndiyo maana muziki huo haumpotei, bali humfikia ukiwa mkavu. Sabufa humrudishia shina la sauti hizo.

Lakini ikiwa redio ya nyumba hiyo hufunguliwa kwa ajili ya taarifa ya habari na mahubiri tu, basi karo ilipwe. Sauti ya mtu anayezungumza haina karibu chochote katika eneo la sabufa, na sabufa iliyofunguliwa sana wakati wa habari humfanya msomaji wa taarifa aonekane kama anasomea ndani ya pipa. Kwa muziki na kwa sinema, faida ipo. Watengenezaji wa sinema waliijua mapema: mwaka 1974, filamu ya Marekani iitwayo Earthquake ilionyeshwa pamoja na mtambo wa Sensurround, uliowekwa katika majumba ya sinema makusudi ili watazamaji wahisi tetemeko katika viti vyao.

Sasa twende dukani, maana huko ndiko fedha za askari wengi zinakopotea.

Neno sabufa, au wufa kama wengi wasemavyo mjini Arua, dukani hutumika kwa vitu viwili tofauti. Mara nyingi muuzaji huonyesha seti nzima: kasha moja kubwa lenye amplifaya ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili, tatu au zaidi za plastiki. Aliye na nyumba tupu aweza kuridhika na seti hiyo. Lakini familia yetu ya Ajia tayari ina spika njema. Ikinunua seti, itakuwa imelipia spika mara ya pili, na pengine zilizo duni kuliko zile za kwanza. Inachohitaji ni sabufa peke yake, yenye amplifaya yake ndani, inayopokea mawimbi kutoka katika amplifaya ya nyumbani. Ipo pia sabufa isiyo na amplifaya yoyote. Hiyo bei yake huvutia, lakini ukiifunga pamoja na spika zako kwenye amplifaya moja unaibebesha mzigo usioujua: spika mbili za omu nane zilizofungwa sambamba huwa omu nne, nazo omu nne huvuta mkondo mara mbili. Amplifaya ndogo huchemka, na siku moja hunyamaza.

Halafu kuna hesabu ya wati. Juu ya kasha imeandikwa PMPO na tarakimu zinazotisha, maelfu kwa maelfu. Msizisome. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua, iliyopimwa kwa namna aliyoipenda mtengenezaji mwenyewe. Tafuteni herufi RMS, ambazo huonyesha nguvu ya kudumu. Kama hazipo, geuzeni kasha mkatazame kibandiko cha nyuma penye kiasi cha umeme linachovuta, kwa maana hakuna kasha linaloweza kuendelea kutoa wati nyingi kuliko zile linazovuta ukutani. Pasipo kibandiko, hata fyuzi husema kweli: fyuzi ya nusu ampea katika umeme wa volti 240 haitapitisha zaidi ya wati 120 kwa muda, hata kama mbele pameandikwa elfu kumi.

Wala wati zenyewe zisiabudiwe. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida kidogo; ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, wati huhitaji kuwa kama mara kumi. Kilicho muhimu zaidi ni koni na kasha. Kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo koni inavyolazimika kusukuma hewa nyingi: ukishuka kutoka hezi 80 hadi 40 kwa ukubwa ule ule wa sauti, koni hiyo hiyo lazima iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya inchi 12 ina eneo lipatalo mara mbili na robo ya koni ya inchi nane, kwa hiyo hufanya kazi hiyo bila kuhema. Kwa sebule ya kawaida ya mita tatu kwa nne, hata hivyo, inchi nane yatosha na inchi kumi ni anasa. Inchi 12 ni ya ukumbi, au ya mtu asiye na jirani.

Makasha nayo ni ya namna mbili. Lililofungwa pande zote hutoa besi iliyo nadhifu, inayokoma pale mpiga gitaa anapokoma, na kadiri sauti inavyozidi kushuka hufifia polepole. Lenye tundu la hewa hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zile zile, kwa kuwa hewa ya ndani ya tundu nayo huimba. Ila chini ya kipimo chake huanguka ghafla, na likitengenezwa ovyo huburuta kila noti. Mwenye umeme wa jua atapenda uchumi wa lile la pili, mwenye jirani atapenda adabu ya lile la kwanza. Gongeni ubavu wa kasha kwa vifundo vya vidole: mlio mfupi mzito ni ubao imara, mlio wa debe ni debe. Taa za rangi zinazochezacheza kwa mbele hazina kazi yoyote katika sauti, ingawa zinalipiwa.

Kisha nendeni na wimbo wenu wenyewe. Muuzaji ana wimbo wake uliochaguliwa ili kasha lolote lionekane simba. Chagueni wimbo ambamo gitaa la besi linatembea, likipanda na kushuka. Ikiwa kila noti hutoka na ule ule mlio mmoja wa «bum», kasha hilo linajiimba lenyewe, halimwimbi mpigaji. Liacheni hapo.

Kuhusu umeme, West Nile ina historia yake. Kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mitambo ya mafuta na, tangu mwaka 2012, kituo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Gridi ilifika mwaka 2023, lakini nyumba nyingi nje ya mji zingali zikiishi kwa paneli na betri. Tufanye hesabu ya nyumba ya namna hiyo. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kwa ajili ya uhai wake isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 600. Sabufa ikivuta wastani wa wati 40 kwa saa tano za jioni itakula 200, ukiachilia mbali kinachopotea katika inveta. Hiyo ni theluthi nzima ya kilichopo, na bado hamjawasha taa ya mtoto anayejisomea. Hivyo yafaa mwulizie amplifaya ya daraja D, ambayo hugeuza sehemu kubwa ya umeme inaoupata kuwa sauti. Zile za daraja AB hupoteza sehemu kubwa kwa joto. Wakati mwingine yapatikana makasha yanayopokea volti 12 moja kwa moja, na kwa nyumba ya sola hayo huondoa hasara ya inveta. Na kasha likiwa halitumiki, lizimwe kwenye soketi, kwani ile taa nyekundu ndogo nayo inakula usiku kucha.

Tuseme sasa sabufa imefika nyumbani. Kosa la kwanza la watu ni kuiweka pale panapopendeza macho, chini ya televisheni katikati ya ukuta, na kisha kulaumu duka. Sauti nzito ina mawimbi marefu: wimbi la hezi 40 lina urefu wa karibu mita nane na nusu, refu kuliko sebule yenyewe. Wimbi hilo likigonga ukuta na kurudi hukutana na nduguye njiani, na chumba chenye urefu wa mita 4.3 hulikuza hilo la hezi 40 kwa namna ya pekee. Karibu na kuta hizo mbili litanguruma, na katikati ya chumba litakuwa karibu kimya. Ndiyo sababu baba aliye kwenye kochi aweza kulalamika kwamba besi haipo, na mama aliye mlangoni akalalamika kwamba imezidi, na wote wawili wakasema kweli.

Dawa yake haihitaji chombo chochote. Ondoeni kiti anachopenda kukaa msikilizaji, wekeni sabufa mahali pale pale pa kiti, kisha pigeni ule wimbo wa gitaa linalotembea. Sasa msikilizaji, hata kama ni afande mwenye nyota mabegani, apige magoti na kutambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu, akisikiliza. Mahali fulani atasikia noti zote zikiwa sawasawa, hakuna inayoruka wala inayozama. Hapo ndipo sabufa itakapokaa, na kiti kirudi mahali pake. Sauti huisafiri njia hiyo kwa usawa kwenda na kurudi, kwa hiyo alichosikia akiwa ukutani ndicho atakachosikia akiwa kitini. Watoto watacheka sana, waacheni wacheke.

Pembe ya chumba yastahili neno lake. Kuta mbili na sakafu huirudisha sauti mbele na kuizidisha, hivi kwamba kasha lile lile husikika kubwa zaidi bila wati hata moja kuongezwa. Kwa betri ya jua hiyo ni neema. Ila pembe huzidisha zaidi zile noti ambazo chumba tayari kinazipenda. Ikinguruma, isogezeni sabufa kwa hatua ya futi moja moja kutoka pembeni hadi itulie.

Nyumba ya duara ina tabia yake, na hapa nawafikiria pia askari polisi wanaoishi katika zile nyumba za bati za duara ziitwazo yuniporti. Katika duara lenye kipenyo cha mita nne, chumba huanza kuitika karibu na hezi 50, na ngurumo hiyo hujikusanya kandokando ya ukuta huku katikati pakipoa. Anayelala kitanda kikiwa kimeegemea ukuta ndiye anayeipata yote. Ukuta wa bati nao hutikisika na kuongeza mlio wake usioombwa. Kwa maoni yangu sabufa haina nafasi ndani ya yuniporti. Kwa fedha hizo nunueni spika mbili zilizo bora, zenye koni ya inchi sita na nusu.

Kufunga nyaya si kazi kubwa. Amplifaya ikiwa na tundu lililoandikwa kwa ajili ya sabufa, waya mmoja watosha. Amplifaya ya zamani haina tundu hilo, lakini sabufa nyingi zina viungio vya kupokea nyaya za spika: nyaya hutoka katika amplifaya na kuingia katika sabufa, kisha hutoka humo kwenda kwa spika. Waya wa sauti usilazwe pamoja na waya wa umeme, na vyombo vyote viwili vichomekwe kwenye soketi za mahali pamoja, la sivyo mtasikia mvumo usiokoma kama wa nyuki walionaswa.

Nyuma ya kasha mna vitufe vitatu. Cha kwanza huamua sabufa ianze kazi wapi, yaani chini ya hezi ngapi. Kwa spika zenye koni ya inchi sita na nusu anzeni na 80. Kwa zile ndogo za inchi nne au tano pandeni hadi 100 au 120. Msivuke hapo, kwa kuwa kuanzia 80 kwenda juu sikio huanza kutambua sauti inatoka upande gani, na mwimbaji ataonekana anaimbia pembeni chini ya meza. Kama amplifaya yenyewe ina kipimo kama hicho, tumieni hicho, na cha sabufa kizungusheni hadi mwisho wa juu ili visikate sauti mara mbili. Kitufe cha pili kimeandikwa fezi. Si ile fezi ya nyaya za umeme. Huamua kama koni ya sabufa itakwenda mbele pamoja na koni za spika au itakwenda nyuma zikienda mbele. Kifanyeni wawili: mmoja akae kitini, mwingine abadili kati ya 0 na 180. Upande ambao besi inajaa zaidi ndio wa kweli. Cha tatu ni ukubwa wa sauti. Kianzeni sifuri, mkipandishe taratibu mpaka besi ianze kuonekana, kisha mkirudishe kidogo. Kipimo chake ni hiki: sabufa ikiwaka hamwikumbuki, ikizimwa mnauliza kimepungua nini.

Hapo bati la paa litaanza kusema, na sahani kabatini, na kioo cha dirisha. Misumari ikazwe, vipande vya mpira viwekwe chini ya sahani. Zulia la mpira chini ya kasha huzuia sakafu isitetemeke, lakini lisiwadanganye: halizuii sauti kumwendea jirani.

Maana jirani ndiye shida ya kambini. Ukuta wa tofali huzuia mlio wa sinia na sauti ya mwimbaji, ila wimbi la mita nane huupita bila shida. Mnayeshiriki naye ukuta hasikii wimbo wenu. Husikia «du, du, du» lisilo na maneno. Kanuni za Uganda za mwaka 2003 kuhusu kelele ziliuhesabu usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na zikaupa kiwango cha chini kuliko mchana. Lakini kipimo cha kawaida cha desibeli, kile cha mizani A, hupunguza sauti ya hezi 40 kwa karibu desibeli 35 kabla ya kuandika tarakimu. Aweza basi mtu kuwa ndani ya kanuni na jirani yake asipate lepe la usingizi, na kesho wote wawili wana zamu.

Kuna na jambo jingine, ambalo mama wa Ajia hakulitaja ila nalidhania. Mlio wa bunduki huharibu kusikia, na uharibifu wake huanzia juu, karibu na hezi 4,000, mahali zinapokaa herufi kama s na f. Besi huachwa salama. Askari aliyekaa muda mrefu karibu na silaha hupandisha sauti ili ayapate maneno, na kwa kufanya hivyo hupandisha vyote, sabufa nayo ikiwemo, bila kujua kwamba chumba kinawaka moto kwa watoto wenye masikio mazima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 juu ya vyombo vya kusikilizia muziki, liliweka desibeli 80 kwa saa 40 za juma kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Basi, mama, mumeo akiomba sauti iongezwe, kwanza ipunguze sabufa na uongeze zile sauti nyembamba. Pengine maneno ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Na kabla likizo haijaisha, aende hospitalini akapimwe masikio.

Kwa usiku, kuanzia saa tatu watoto wanapolala, zimeni sabufa yenyewe na kuacha spika za rafuni zikiendelea. Muziki utapungua unene lakini hautapotea. Kasha liinuliwe juu ya matofali mawili, kwa kuwa mchwa wa West Nile hupenda ubao wa unga wa mbao, na lenye tundu la hewa lizibwe kwa wavu mwembamba wa waya uliokazwa vizuri usilie, ili panya wasizalie humo.